Kushirikisha Mafaili Kati ya Windows na Ubuntu Katika Kompyuta Moja

Mtu aliyeweka Windows na Ubuntu katika kompyuta moja hukutana mapema na kero ileile: barua aliyoiandika akiwa upande mmoja anaihitaji akiwa upande wa pili, naye huishia kujitumia barua pepe mwenyewe au kutafuta flashi, ilhali mafaili yote yamo ndani ya diski moja iliyo mbele yake. Njia ninayoipendekeza ni kutenga patisheni (sehemu ya diski iliyogawanywa) ya tatu, isiyo na mfumo endeshi wowote ndani yake, ambayo pande zote mbili zitaisoma na kuiandika. Ni kweli kwamba Ubuntu inaweza kufungua patisheni ya Windows moja kwa moja, lakini humo ndimo yalimo mafaili ya mfumo, na kufuta kabrasha moja kwa bahati mbaya kunatosha kuifanya Windows isiwake tena. Upande wa pili, Windows haisomi ext4, yaani mpangilio wa mafaili unaotumiwa na Ubuntu, bila programu ya nyongeza.

Kabla ya kugusa diski, weka nakala ya mafaili yako yote kwenye diski ya nje. Kisha, ukiwa ndani ya Windows, zima kile kinachoitwa "Fast Startup". Hapa ndipo matatizo mengi yanapoanzia, kwa hiyo nitapaeleza kwa kirefu. Tangu Windows 8 iliyotoka mwaka 2012, kubofya "Shut down" hakuizimi Windows kabisa, kwa maana kiini cha mfumo huhifadhiwa kwenye diski kikiwa kimelala ili kompyuta iwake haraka siku inayofuata, na ndani ya hali hiyo iliyolala imo picha ya jinsi patisheni zilivyokuwa. Ubuntu ikiandika faili jipya wakati huo, Windows huamka ikiamini picha yake ya zamani, na faili hilo linaweza kupotea au patisheni nzima kuharibika. Ndiyo maana Ubuntu, ikiona dalili hizo, hukataa kuandika na kukuruhusu kusoma tu. Jambo hili huwachanganya watu kwa sababu "Restart" huzima mfumo kikamilifu, hivyo aliyepitia huko haoni tatizo lolote, na kesho yake akitumia "Shut down" mambo yanakwama. Fungua Command Prompt kwa mamlaka ya msimamizi, kisha andika:

powercfg /h off

Amri hiyo huondoa pia uwezo wa kulaza kompyuta kwenye diski ("Hibernate"), na kwa maoni yangu hiyo ni gharama ndogo.

Sasa fungua "Disk Management", bofya kitufe cha kulia juu ya patisheni kubwa, chagua "Shrink Volume", kisha tengeneza patisheni mpya katika nafasi iliyoachwa wazi na uipe jina, mathalani Ghala. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la usimbaji la Windows, hakikisha kwanza kwamba una ufunguo wa kuifungulia mahali pengine. Ifomati Ghala kwa NTFS, mpangilio wa mafaili wa Windows yenyewe, wala si kwa mipangilio mingine kama FAT32 au ExFAT. FAT32 haipokei faili linalofikia GB 4, kwa hiyo video ndefu ya harusi itakataa kuingia. ExFAT inasomeka pande zote, lakini haina daftari la ndani la kurekodi mabadiliko, hivyo kompyuta ikizimika ghafla katikati ya kuandika, NTFS ina nafasi kubwa zaidi ya kubaki salama.

Rudi Ubuntu, fungua terminali na uandike lsblk -f. Katika orodha itakayotokea, tafuta mstari wenye neno ntfs na jina Ghala, kisha nakili UUID yake (namba ya kuitambulisha patisheni), ambayo kwa NTFS ni fupi, ya herufi na tarakimu 16 bila vistari. Tengeneza mahali pa kuipachika, yaani kabrasha ambamo mafaili ya Ghala yataonekana:

sudo mkdir /mnt/ghala

Baada ya hapo fungua faili la /etc/fstab, lenye orodha ya patisheni ambazo Ubuntu huzipachika inapowaka, kwa amri ya sudo nano /etc/fstab, na chini kabisa ongeza mstari mmoja, ukiweka UUID yako badala ya hii ya mfano:

UUID=3A5C1F7E5C1F3A21 /mnt/ghala ntfs-3g uid=1000,gid=1000,umask=022,windows_names,nofail 0 0

Namba 1000 ndiyo kwa kawaida humtambulisha mtumiaji wa kwanza wa Ubuntu. Hakikisha kwa amri ya id. Neno windows_names huzuia majina yenye alama kama nukta pacha au kiulizo, ambayo Windows haiyakubali. Usiliache neno nofail, kwa sababu bila hilo, siku patisheni isipopatikana, Ubuntu itasimama katikati ya kuwaka. Hifadhi, kisha jaribu kwa sudo mount -a kabla ya kuwasha upya. Ukimya pekee hautoshi, kwa kuwa nofail hunyamazisha kosa la patisheni isiyopatikana, kwa hiyo andika tena lsblk -f uone kama /mnt/ghala imetokea kwenye mstari wa Ghala.

Weka humo nyaraka, picha, muziki na video. Miradi ya programu inayotegemea ruhusa za mafaili za Linux, familia ya mifumo ambamo Ubuntu imo, ibaki ndani ya ext4. Epuka pia kuwa na Ripoti.docx na ripoti.docx katika kabrasha moja, kwa kuwa Ubuntu huyaona kama mafaili mawili na Windows huchanganyikiwa. Siku Ghala ikikataa kuandikwa hata baada ya kuzima vizuri, rudi Windows uikague kwa chkdsk D: /f, ukibadilisha herufi kulingana na kompyuta yako.

Linabaki suala la saa. Windows huichukulia saa ya ndani ya kompyuta kuwa ni ya mahali ulipo, ilhali Ubuntu huichukulia kuwa ni ya UTC (saa ya kimataifa ya marejeo), na kwetu Afrika Mashariki tofauti ni saa 3 kamili. Matokeo yake, faili ulilolihifadhi Windows saa sita mchana linaweza kuandikwa kuwa ni la saa tatu asubuhi, na programu ya kunakili inayochagua faili jipya zaidi ikalifunika kwa toleo la zamani. Andika ndani ya Ubuntu:

timedatectl set-local-rtc 1

Ubuntu itaonya kwamba mpangilio huu huleta shida kwenye nchi zinazobadilisha saa kwa majira. Tanzania, Kenya na Uganda hazifanyi hivyo, kwa hiyo endelea.