Mbolea ya ruzuku: kutoka daftari la kijiji hadi shina la mahindi

Ruzuku ya mbolea nchini Tanzania ilizinduliwa Mbeya kwenye sherehe za Nane Nane za 2022, baada ya bei kupaa duniani kote. Msimu huo wa kwanza mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia, ambao ulikuwa umefika zaidi ya shilingi 120,000, ulishushwa hadi 70,000, na Urea, mbolea ya kukuzia, hali kadhalika. Bei hubadilika kila msimu na hutofautiana kwa umbali, kwa hiyo usitegemee takwimu hizo za zamani. Tafuta bei elekezi ya wilaya yako inayotangazwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea, TFRA. Nakala huwa kwa afisa kilimo wa halmashauri, na wakala anayeuza mbolea naye anatakiwa kuiweka mahali inapoonekana.

Jina lako kwenye daftari

Kazi ya kujiandikisha ifanyike wakati wa kiangazi. Anayesubiri mvua ya kwanza atakuta foleni kwa mtendaji na foleni nyingine kwa wakala, na mahindi hayamsubiri mtu.

Nenda kwa mtendaji wa kijiji au afisa ugani ukiwa na kitambulisho, namba ya simu inayofanya kazi, ukubwa wa shamba kwa ekari na mazao utakayolima. Usajili ni bure. Kama ulisajiliwa msimu uliopita huandikishwi upya. Unahuisha taarifa tu. Makosa yanayowanyima watu mbolea ni yale yale kila mwaka:

– Namba ya simu si yako. Ujumbe wa uthibitisho unakwenda kwa shemeji aliye mjini, au kwenye laini iliyopotea. Ukibadilisha laini, rudi kwa mtendaji siku hiyo hiyo.

– Jina haliendani na kitambulisho. "Mama Neema" anajulikana kijiji kizima, lakini mfumo haumjui. Litajwe jina la kwenye kitambulisho, na ulisome mwenyewe kabla ya kuondoka.

– Ekari za kukisia. Mgawo hukokotolewa kutokana na eneo na zao. Ekari moja ni kama hatua 70 kwa 70 za mtu mzima. Ukisema mbili ilhali unalima nne, utapata mbolea ya mbili. Ukizidisha, jirani anayelijua shamba lako atasema siku majina yanapohakikiwa.

– Shamba moja kuandikwa mara mbili, mara moja kwa mume na mara moja kwa mke. Kubalianeni nyumbani ni nani anayeandikishwa kwa shamba lipi.

Kwa wakala

Piga simu kwanza uulize kama mzigo upo. Nauli ya kwenda mjini na kurudi mikono mitupu inaweza kumeza sehemu nzuri ya punguzo lenyewe. Wakulima watano wa kitongoji kimoja wakikodi gari pamoja hupunguza gharama hiyo, ila kila mmoja awe na namba yake ya usajili na simu yake, maana mauzo hufanyika kwa jina la mtu mmoja mmoja.

Wakala anaingiza namba yako, mfumo unaonyesha mgawo wako, kisha anaskani alama iliyo kwenye kila mfuko. Hesabu mifuko aliyoiskani na mifuko uliyokabidhiwa. Idadi ziwe sawa. Dai risiti yenye bei na idadi. Asitunze mtu mwingine namba yako, wala usikubali mauzo yaandikwe leo kwa ahadi ya kuja kuchukua mfuko kesho. Mpango wa vocha ulioanza 2008 uliumizwa hapo hapo: mkulima alitia saini, akapewa fedha kidogo mkononi, na mbolea iliyolipiwa na serikali haikufika shambani. Alama za kuskani zimeuziba mwanya huo kwa sehemu kubwa, lakini si kwa mtu anayegawa namba yake.

Kagua mfuko pale pale. Mshono uwe wa kiwandani, usiwe umefumuliwa na kushonwa upya. Uzito uwe kilo 50 kwenye mizani ya wakala. Lebo itaje virutubisho kwa asilimia: DAP ni 18 ya naitrojeni na 46 ya fosfeti, Urea ni 46 ya naitrojeni. Urea ina kipimo rahisi. Tia kijiko kimoja kwenye glasi ya maji, ukoroge. Itayeyuka yote na utasikia glasi imepoa mkononi. Ikibaki mchanga chini, usilipe. Mwite afisa kilimo. CAN, mbolea nyingine ya kukuzia, kwa kuwa ina chokaa, huacha machicha hata ikiwa halisi, basi usiihukumu kwa kipimo hiki. Kenya nako, mwaka 2024, mifuko isiyo na mbolea ya maana iliwafikia wakulima kupitia mpango wa ruzuku wenyewe, kwa hiyo nembo ya serikali isikuzuie kukagua.

Shambani

Hapa ndipo punguzo linapogeuka chakula au linapopotea. Kwa mahindi, kiasi cha kuanzia ni mfuko mmoja wa DAP kwa ekari wakati wa kupanda na mfuko mmoja wa Urea wa kukuzia. Panda kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na 60 kati ya mashimo, mbegu mbili kila shimo. Ekari itakuwa na mashimo kama 9,000. Kifuniko cha soda kilichojaa hadi ukingoni hubeba kama gramu 5, hivyo mfuko unatosha na kubaki kidogo. Ukiona umeisha nusu ya shamba, mkono wako ni mzito au ekari yako ni kubwa kuliko ulivyodhani.

Chimba shimo la sentimita 10, weka kifuniko kimoja cha DAP, funika kwa udongo wa vidole viwili, ndipo uweke mbegu na kufukia. Mbegu ikigusa mbolea huungua, na shimo tupu hugundulika baada ya wiki nzima.

Urea inasubiri mahindi yafike kimo cha goti, wiki tatu hadi nne baada ya kuota. Palilia kwanza, la sivyo utakuwa umelisha magugu. Weka kifuniko kimoja chenye kilima kidogo, maana Urea ni nyepesi kuliko DAP, sentimita 5 hadi 10 kutoka kwenye shina, kisha ufukie. Udongo uwe na unyevu. Ikiachwa juu ya udongo kwenye jua, sehemu yake hugeuka gesi na kupotea hewani. Ikimwagwa siku ya mvua kubwa huchukuliwa na maji. Kwenye udongo wa kichanga gawa mara mbili: nusu kifuniko kimo cha goti, nusu kabla mbelewele hazijatoka.

Ikiwa mfuko ulinunuliwa 70,000, mifuko miwili ni 140,000 kwa ekari. Ukiuza mahindi kwa shilingi 700 kwa kilo, magunia mawili ya kilo 100 yanarudisha fedha hiyo. Linganisha na nyongeza halisi ya mavuno yako. Kama haifiki magunia mawili, tafuta sababu kabla ya kununua tena: mbegu iliyorudiwa miaka mingi, palizi iliyochelewa, au udongo wenye tindikali.

Tindikali ni tatizo la kawaida Nyanda za Juu Kusini, Njombe hasa. Udongo wa namna hiyo huishika fosforasi ya DAP na mmea hauipati. Omba halmashauri ikupimie udongo. Kipimo cha tindikali (pH) kikiwa chini ya 5.5, weka chokaa mwezi mmoja kabla ya kupanda. Usichanganye chokaa na DAP au Urea kwa wakati mmoja, kwa sababu naitrojeni itapotea hewani. Mbolea iliyosalia ifungwe vizuri na kuwekwa juu ya mbao, mbali na ukuta na chakula, na watoto wasiifikie.