Namna ya Kuomba Ruzuku ya Serikali kwa Madarasa ya Watu Wazima nchini Marekani

Kikundi kinachofundisha watu wazima kusoma, kuandika au kuzungumza Kiingereza nchini Marekani hakipeleki andiko lake Washington. Kwa mujibu wa sehemu ya pili ya sheria ya WIOA ya mwaka 2014, inayohusu mafunzo na ajira, serikali ya shirikisho hugawia majimbo fedha za kisomo, na kila jimbo hutakiwa kutoa angalau asilimia 82.5 ya fedha hizo kwa watoa elimu, kwa ushindani. Kwa hiyo, anza kwa kuitafuta idara ya jimbo lako inayosimamia elimu ya watu wazima, ambayo kwingine huwa ni ya elimu na kwingine ya kazi au ya vyuo, kisha ufuatilie matangazo yake, kwa kuwa ushindani huo haufunguliwi kila mwaka.

Kinachoamua ni ushahidi. Mwombaji asiyeonyesha kwa takwimu kwamba wanafunzi wake wa awali walipiga hatua huondolewa kabla andiko lake halijapewa alama, hata kama aya zake za huruma zimeandikwa kwa ufasaha (na huandikwa nyingi mno). Asiyewahi kupata ruzuku hii anaruhusiwa kuleta takwimu zake mwenyewe. Tengeneza jedwali ambalo kila mstari ni mwanafunzi mmoja: alipimwa lini alipoingia na akapangwa ngazi ipi, alihudhuria saa ngapi, alipimwa tena lini, akafikia wapi, na kama baadaye alipata kazi au cheti cha sekondari. Mwanafunzi asiyepimwa mara ya pili kwa kawaida hawezi kukuthibitishia kwamba alipanda ngazi, hata kama sasa anasoma gazeti bila msaada. Hakikisha pia kwamba unaowahesabu wana umri wa miaka 16 au zaidi na hawamo shuleni.

Ombi lako litapitiwa pia na bodi ya nguvukazi ya eneo, yaani chombo kinachopanga mafunzo na ajira katika eneo lako, hivyo soma mpango wake kabla ya kuandika malengo. Katika bajeti, gharama za uendeshaji kwa kawaida hazivuki asilimia 5 ya ruzuku, ingawa kiwango hicho kinapokuwa kidogo mno jimbo linaweza kukubali mazungumzo. Kikundi kisicho na mhasibu kinaweza kuomba kwa muungano na chuo au maktaba, mradi mgawanyo wa kazi na fedha uandikwe na kutiwa saini kabla ya ombi kuwasilishwa.