Sgian-dubh: kisu cha kwenye soksi, uvae wapi na lini

Umealikwa harusi Scotland na umekodi kilti, ile sketi ya kiume ya Kiskoti, basi kwenye mzigo utakuta na kakisu kafupi, sgian-dubh, tamka "skian-du", yaani kisu cheusi kwa Kigaeli. Kanachomekwa ndani ya soksi, mguu wa kulia kama unatumia mkono wa kulia, mashoto aweke kushoto, na kinachoonekana ni kichwa cha mpini tu, ukikaacha kamechomoza nusu nzima unaonekana mgeni kabisa.

Harusini vaa, Burns Night, usiku wa kumkumbuka mshairi Robert Burns, tarehe 25 Januari vaa, kwenye ceilidh, sherehe za dansi za Kiskoti, pia poa ila binafsi huwa nakatoa kabla ya kuanza kurukaruka, maana kakichomoka ni balaa.

Sheria ya Scotland inaruhusu kisu kikiwa sehemu ya vazi la kitaifa, kwa hiyo ukiwa na kilti una la kujitetea, ila ukibadilisha ukavaa jinzi halafu ukakatia mfukoni uende baa, hapo huna hoja tena. Ndege je? Weka kwenye begi unalokabidhi kaunta, linaloenda chini ya ndege, ukipanda nako wanakanyang'anya pale pale kwenye ukaguzi.