Mchoraji Anapotaka Kuandika Riwaya ya Fantasia

Mchoraji anayegeukia riwaya ya fantasia huingia kazini akiwa na mtaji na kikwazo, na vyote viwili vinatoka kwenye jicho lake. Mimi nilianza kwa kuandika majina ubavuni mwa mitumbwi pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba jijini Mwanza, nikahamia mabango ya saluni, kisha picha za machweo kwa watalii, na miaka mingi ilipita kabla sijathubutu kuandika sura ya kwanza. Sura hiyo ilikuwa na kurasa 38 za maelezo ya mji uliojengwa juu ya majabali, na katika kurasa zote hizo hakuna mtu hata mmoja aliyeinuka kitini.

Picha huonekana yote kwa mkupuo, ilhali sentensi hutoa kitu kimoja baada ya kingine. Kwa hiyo chora tukio lako kwanza, kisha mwingize mtu mmoja mwenye haja, na uandike vile tu ambavyo haja yake inamlazimu avione. Mwanamke anayekimbilia kivuko cha Kamanga haangalii rangi ya maji. Macho yake yako kwenye kamba inayofunguliwa.

Ramani ya nchi yako ya kubuni ichore, lakini ipe jioni moja tu. Namfahamu mchoraji mwenye ramani 11 zilizopakwa rangi kwa ustadi, asiye na sura hata moja.

Kanuni za uchawi zitafute katika kazi za watu unaowajua. Wavuvi wa dagaa huwavuta samaki kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi inapong'aa taa hizo hupoteza nguvu, hivyo wengi hupumzisha mitumbwi na kushona nyavu. Ukiamua kwamba waganga wa mji wako wana uwezo usiku wa giza tu, jiulize mara moja ni nani anayelala na njaa siku za mbalamwezi, nani anakopesha kwa riba, na nani anangojea siku hizo ili avamie. Majibu ya maswali hayo yatakupa visa vingi kuliko joka lolote utakalolichora.

Jambo ambalo wengi hulipuuza ni ngeli. Kiumbe wa kubuni lazima apewe upatanisho wa kisarufi, na uamuzi huo ni sehemu ya usimulizi wenyewe. Tazama sentensi hii: "Jabali lilikuwa limeinamia ziwa kama siku zote, wavuvi walipopita chini yake, akafumbua jicho." Hakuna maelezo ya muujiza hapo, ila kiambishi kimebadilika kutoka li- kuwa a-, na msomaji wa Mwanza, aliyekulia kati ya mawe hayo, anasisimka kabla hajajua sababu. Mhariri wangu aliisahihisha sentensi ya namna hiyo mara mbili, akidhani nimeteleza, kwa hiyo ambatisha maelezo mafupi kwenye muswada. Vivyo hivyo, amua mapema iwapo zimwi lako "linameza" au "anameza", na ukibadilisha katikati ya hadithi, uwe na sababu.

Hapo ndipo ngano za Wasukuma zinapofaa. Nenda Makumbusho ya Bujora, Kisesa, kisha uwaombe wazee wakusimulie habari za Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu wote, na za Masala Kulangwa, kijana aliyelishinda. Usiinakili ngano hiyo. Sikiliza msimulizi anapotua, anapoimba, na mahali anapokataa kabisa kueleza zimwi linafananaje. Kwangu mimi mchoraji, ukimya huo ulikuwa somo gumu kuliko yote, maana mkono ulikuwa unawasha kuchora meno.

Rasimu ikikamilika, isome kwa sauti mbele ya mtu asiyependa kukufurahisha, na ukate kila aya inayomfanya aangalie simu. Muswada wa riwaya ukiwa safi unaweza kuupeleka kwenye Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanzishwa mwaka 2022 chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, au kwa mchapishaji. Jalada liache kabisa hadi hatua hiyo, kwa kuwa mchoraji aliyekwisha kuchora uso wa shujaa wake huona tabu kumuua katika sura ya tisa.