Namna ya Kufuatilia Idara za Utafiti za CSIRO Zilizobadilika Majina

Anayesoma makala ya kisayansi ya miaka ya 1960 au 1970 kutoka Australia hukutana mara kwa mara na anwani kama "Division of Entomology, CSIRO, Canberra", na akiitafuta idara hiyo leo kwa jina lake haipati. Kazi ya idara hiyo haikupotea. Idara za CSIRO, shirika la taifa la sayansi la Australia, zimeunganishwa, zimegawanywa na kupewa majina mapya mara nyingi. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi, mkutubi au mwandishi wa habari anayetaka kujua kazi fulani ya utafiti ilikwenda wapi na ni nani wa kuulizwa sasa. Njia ninayoipendekeza ni kufuata kazi yenyewe, mahali ilipofanyiwa na watu walioifanya, huku jina la idara likibaki kuwa dokezo la kuanzia tu.

Kwanza, tazama mwaka wa chapisho. Shirika liliundwa mwaka 1926 kwa jina la CSIR, na mwaka 1949 likawa CSIRO. Idara zake za mwanzo zilielekezwa zaidi kwenye kilimo na maliasili: mimea, wadudu, afya na lishe ya mifugo, mazao ya misitu. Kila idara ilikuwa na mkuu wake, mwanasayansi aliyepewa uhuru mpana wa kuamua kinachochunguzwa, na ndiyo maana kwa machapisho ya miongo hiyo jina la idara hueleza mengi. Mwaka 1978 idara zilipangwa chini ya taasisi kubwa zaidi. Kuanzia mwaka 2003 zikaongezwa programu zilizoitwa Flagships, ambazo zilichukua watafiti kutoka idara mbalimbali kwa wakati mmoja. Na mwaka 2014 mfumo wa idara ukaondolewa. Kwa hiyo chapisho la mwaka 2008, kwa mfano, linaweza kutaja idara na Flagship kwa pamoja, nawe utalazimika kuandika yote mawili kabla ya kuendelea na utafutaji.

Baada ya hapo, chora nasaba ya idara kwenye karatasi. Chukua uvuvi: utafiti huo ulianza mwishoni mwa miaka ya 1930 huko Cronulla, karibu na Sydney, na katika miaka ya 1980 makao yake yakahamia Hobart, Tasmania. Mwaka 1997 matawi ya uvuvi na bahari yaliunganishwa kuwa Marine Research. Mwaka 2005 yakaunganishwa na utafiti wa angahewa kuwa Marine and Atmospheric Research. Mwaka 2014 ikafuata Oceans and Atmosphere. Na mwaka 2022 kitengo hicho kikaunganishwa na cha ardhi na maji kuwa Environment. Ukitafuta kwa jina moja tu kati ya hayo, utapata kipande kidogo cha kazi na kudhani umeipata yote.

Hatua inayohitaji uangalifu zaidi ni kutoamini maana ya jina. Maabara ya Radiophysics ilianzishwa mwaka 1939 kwa ajili ya rada. Baada ya vita, vifaa na wataalamu wale wale waligeukia mawimbi ya redio yanayotoka angani, kazi iliyozaa darubini ya redio ya Parkes, huko New South Wales, iliyofunguliwa mwaka 1961. Lakini idara hiyo hiyo, chini ya Edward Bowen, ilikuwa pia ikijaribu kusababisha mvua kwa kunyunyiza kemikali mawinguni, jambo ambalo hakuna msomaji angelitafuta chini ya jina la fizikia ya redio. Hataza (haki ya uvumbuzi) ya mtandao usiotumia waya, iliyoombwa mwaka 1992 na kundi la John O'Sullivan, nayo ilitoka kwa watafiti wenye asili katika astronomia ya redio. Kwa hiyo mada yako ikiwa mvua au mawasiliano, tafuta kwa majina ya watafiti na kwenye kumbukumbu za hataza, kisha ndipo urudi kwenye idara.

Mahali pia huweza kudanganya, kwa kuwa si kila kituo kilikuwa Australia. Mradi wa George Bornemissza wa kuleta mbawakawa wanaozika kinyesi cha ng'ombe ulikuwa wa idara ya wadudu ya Canberra, lakini sehemu kubwa ya kazi ya kukusanya na kuchagua spishi ilifanyika katika kituo kilichowekwa Pretoria, Afrika Kusini. Anayechunguza historia hiyo akiwa Afrika asiishie kwenye hazina za Canberra peke yake.

Kuhusu vyanzo, Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Australia huipa kila ofisi ya serikali namba inayoanza na herufi CA, na huonyesha ofisi iliyoitangulia na iliyoifuata. Hiyo ndiyo njia ya haraka ya kuhakiki nasaba uliyoichora. Hazina ya machapisho ya CSIRO na tovuti ya Trove ya Maktaba ya Taifa hutosha kwa yaliyochapishwa.

Ukishakijua kitengo cha sasa, andika barua fupi inayotaja kichwa cha chapisho, mwaka, jina la idara kama lilivyochapishwa na kitu unachokihitaji hasa, iwe takwimu, sampuli au picha. Sampuli za wadudu, samaki na mimea ziulizie kwenye makusanyo ya kitaifa, kwa sababu hizo hubaki mahali pake hata idara zikivunjwa; mkusanyo wa wadudu wa Canberra pekee una vielelezo zaidi ya milioni 12. Na unapoorodhesha chapisho katika kazi yako, acha jina la idara kama lilivyokuwa siku lilipochapwa, kisha weka jina la kitengo cha sasa katika maelezo yako mwenyewe.