Paa la nyumba isiyo na pembe mraba: jinsi ya kulichora kwa Revit, ArchiCAD au SketchUp

Ukichora nyumba za Mombasa, ploti zenye pembe nne za digrii 90 utazitafuta kwa tochi. Mji wa Kale ndio usiseme, kuta zafuata vichochoro na vichochoro vyafuata anavyojua mwenyewe aliyeanza kujenga. Lakini hata Kisauni na Likoni, ploti zilizokatwa kifamilia, mbele waweza pata mita 8 na nyuma 6. Plani ya chini yachoreka vizuri tu, shida yaanza ukifika kwa paa, waweka pande zote za paa mwinuko mmoja, wabonyeza Finish, halafu waona mgongo wa paa, ule mstari wa juu kabisa, wapanda upande mmoja kama umesukumwa. Watu wengi hapa huanza kulaumu softiwea.

Softiwea haina makosa, hiyo ni hesabu. Uso wa bati au wa vigae ni bapa, na kwenye uso bapa ulioinama, mistari yote iliyo levo huwa sambamba. Kwa hivyo kama upenu uko levo na mgongo uko levo, na vyote viwili viko kwenye uso mmoja, lazima viwe sambamba. Ukuta wako ukienda mshazari basi kimoja kati ya hivyo viwili kitapanda, hakuna plagini ya kukuokoa. Kwa hivyo kabla hujafungua kompyuta amua, mstari gani uwe levo? Ukishaamua hilo, kubonyeza ni dakika chache.

Tuchukue mfano mmoja tuende nao. Nyumba ina urefu wa mita 12, mbele upana ni mita 8, nyuma ni 6. Ukuta wa kushoto umenyooka, ule wa kulia ndio umekwenda mshazari. Paa la kawaida la miteremko miwili na mgongo mmoja katikati, maji yamwagika kushoto na kulia, mbele na nyuma ni kuta za pembetatu. Mwinuko digrii 25. Upenu unaotokeza nje tuuache kwanza usituchanganye.

Njia ya kwanza, upenu levo, mgongo wapanda. Kwenye Revit ingia Roof, Roof by Footprint (footprint ni mzingo wa paa ukilitizama kutoka juu), tumia Pick Walls uchague kuta zote nne. Mstari wa mbele na wa nyuma uzitolee tiki ya Defines Slope, wa kushoto na kulia uziachie na uandike 25 kote kuwili. Finish. Sasa mgongo utakaa palipo umbali sawa kutoka kuta zote mbili, yaani wagawa katikati ile pembe ambayo kuta zingekutana kama zingeendelea mbele, kwa hivyo ukitizama kutoka juu hautakuwa sambamba na ukuta wowote. Na urefu wake: mbele utakuwa kama mita 1.85 juu ya upenu, nyuma 1.39. Hiyo ni tofauti ya sentimita 46, na kutoka barabarani mtu ataiona, usijidanganye. Weka Spot Elevation kwenye ncha mbili za mgongo uone mwenyewe kama hesabu yakubaliana, na hii tabia ya kupima ncha mbili uifanye kwa kila paa.

Njia ya pili, mgongo levo, upenu wa kulia wapanda. Hapa ndipo wengi hukwama manake Defines Slope haiwezi, yenyewe hufanya upenu uwe levo siku zote. Wataka Slope Arrow. Rudi Edit Footprint, mstari wa kushoto uache na 25 yake, wa kulia utolee tiki. Chukua Slope Arrow, mkia wa mshale uuweke juu ya ule mstari wa kulia, kwenye kona ya mbele ambako upenu utakuwa chini kabisa, halafu mshale uelekee kushoto, mraba kabisa na mgongo unaoutaka (sio mraba na ukuta! hapa ndipo kila kitu huharibika, ukiuweka mraba na ukuta wa mshazari umerudi njia ya kwanza). Kwenye Properties, Specify ugeuze iwe Slope, uandike 25, na offset ya mkia iache sifuri. Finish, na mgongo utakaa sambamba na ukuta wa kushoto, mita 4 kutoka kwake, urefu 1.87 mwanzo hadi mwisho. Upenu wa kulia sasa wapanda kutoka sifuri mbele hadi sentimita 93 nyuma. Chagua ule ukuta, Attach Top/Base, ugonge paa, ukuta utajikata wenyewe kwa mshazari.

Sentimita 93 si mchezo, lakini kama upande ule watizamana na ukuta wa jirani kwa nafasi ndogo, nani ataona? Tena gata lako litakuwa na mteremko wa bure, maji yote yakimbilia kona moja ya mbele. Hapo kwenye ile kona weka bomba la maana, manake mvua ya mwezi wa tano hapa haibishi hodi, na ukilielekeza kwa jirani utaitwa kwa mzee wa mtaa.

Sasa uchague ipi? Mimi huangalia kwanza paa ni la nini. Vigae hupangwa safu safu na kila safu iko levo, ukiuacha upenu ukapanda, safu ya chini kabisa yote itakatwa kigae kwa kigae na ndiyo inayoonekana na kila mtu, kwa hivyo vigae vyataka njia ya kwanza, vikatwe juu kwenye mgongo ambako kofia itafunika. Mabati hayajali, yateremka na mwinuko na lazima uyakate mshazari ama juu ama chini, basi kwa mabati mimi huenda na mgongo levo, fundi naye hufurahi. Mpelekee fundi mgongo unaopanda bila kumwambia, atavuta uzi wake, ataweka mpira wa maji wa kupimia levo, halafu simu italia: "Injinia, huku juu hakulali sawa, nikate?" Akikata kabla hujafika saiti ni hasara ya mbao. Kwa hivyo ukichagua njia ya kwanza andika kwenye mchoro kwa herufi kubwa kwamba mgongo wapanda, na urefu wa kila ncha.

Kuna njia ya tatu ambayo kwa ploti mbovu zaidi ndiyo naipenda kuliko zote mbili. Chora paa la mstatili safi wa mita 6 kwa 12, na ile pembetatu inayobaki kulia, mita 2 mbele na sifuri nyuma, uifanye slebu ya zege yenye mteremko mdogo. Zungusha ukuta wa parapeti nje, ule ukuta unaopanda juu ya ukingo wa paa, na kutoka barabarani hakuna anayejua ndani kuna nini. Slebu yenyewe kwenye Revit ichore kama paa bapa lisilo na tiki hata moja ya mteremko, ulichague, halafu utumie Add Point, Add Split Line na Modify Sub Elements kushusha sehemu ya bomba. Mteremko wa 1 kwa 80 kwa urefu wa mita 12 ni sentimita 15, kwa hivyo ushushe kona moja hiyo 15 au uweke mabomba mawili ukate nusu. Vile vitufe vikikosekana angalia kama kuna mstari una tiki, manake paa lenye mteremko haliruhusu hizo kazi. Na ukitaka zege lijae juu tu huku chini kubaki bapa, ingia Edit Structure ya hiyo aina ya paa uweke tiki ya Variable kwenye tabaka la juu.

Nyumba yenye mabawa mawili yasiyokutana kwa mraba, usijaribu kuichora kwa footprint moja, utalia. Chora kila bawa paa lake, lile dogo ulisogeze lielekee kubwa, halafu Join/Unjoin Roof: gonga kwanza ukingo wa lile dogo, kisha uso wa lile kubwa. Bonde, yaani mstari wa chini ambako paa mbili zakutana, litajitokeza lenyewe. Na ndani ya paa moja, upande mmoja ukiwa na mwinuko tofauti, penu hazitalingana kwenye kona, ukiwa Edit Footprint kuna Align Eaves ya kuzisawazisha, yakuuliza ubadilishe urefu au kiasi cha kutokeza nje. Mimi hubadilisha kutokeza nje, kwa sababu urefu ukishachezewa gata halikai. Halafu tizama bonde kwenye sekisheni, kama laishia ukutani bila pa kutokea maji, hilo ni bwawa.

ArchiCAD, mambo ni yale yale ila yaonekana wazi zaidi. Ukichukua Roof ya single-plane, yaani ya uso mmoja, kitu cha kwanza wachora ni pivot line, na hiyo ndiyo mstari ulio levo. Wataka mgongo levo? Chora pivot sambamba na mgongo. Wataka upenu levo? Ichore juu ya ukuta. Multi-plane, ya nyuso nyingi, yafaa kwa njia ya kwanza, na kila upande waweza kuupa mwinuko wake mwenyewe.

SketchUp haina akili ya paa lakini ndiyo mwalimu mzuri. Chora mgongo hewani, unganisha ncha zake na kona za kuta. Uso ukikataa kujaza, ujue hizo nukta nne haziko kwenye bapa moja. Ukivuta mstari wa kona kwa kona zitapatikana pembetatu mbili, na mkunjo huo ndio fundi ataupata juu ya nyumba kama hukuamua mapema.

Kuhusu makuti, wenye mabanda ya hoteli za Nyali na Diani wataka maumbo ya maembe na mayai. Hapo una uhuru kwa sababu makuti yajipinda, lakini yataka mwinuko mkali, digrii 45 hivi, ukilaza maji yaingia na makuti yaoza haraka. Chora footprint kwa arki, yaani vipande vya duara, si kwa mistari mingi midogo, na kila arki iguse mwenzake bila kona, zote zipewe mwinuko mmoja. Ukifanya hivyo uso watiririka laini bila mkunjo. Kukiwa na kona hata ndogo utaona mstari mkali wapanda hadi juu.

Mwisho, vipimo vya kununua. Eneo la paa lisichukuliwe kutoka kwenye plani, ukigawa kwa kosaini ya 25 laongezeka kama asilimia 10, na schedule ya Revit, lile jedwali la vipimo, hutoa eneo la mteremko tayari. Ila schedule haijui mabati yakatwa mshazari. Upande ule wa kulia, kwenye njia ya pili, bati la mbele ni refu mita 4.4 na la nyuma mita 2.2, kwa hivyo pima kila bati kwenye mteremko, uziandike kwa orodha kutoka mbele kwenda nyuma, na karatasi hiyo umpe fundi pamoja na mchoro.