Jinsi ya kujaza PEPMIS ikakulinda, kwa watumishi wa Mwanza na visiwani

Watumishi wenzangu, wengi wetu PEPMIS, ule mfumo wa mtandaoni wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, tunaifungua tukisikia habari za kupanda daraja, tunajaza usiku mmoja basi. Tabia hii tumetoka nayo kwenye OPRAS, ule mfumo wa zamani wa kupima utendaji kwa fomu ulioanza 2004, Juni ikifika mtu anaazima fomu ya mwenzake ananakili mpaka makosa ya herufi. Mi naamini kipimo kinaweza kukulinda, ila lazima ukiandike mwenyewe na kwa akili.

Kabla hujaingia ESS, ile tovuti ya mtumishi unakoikuta PEPMIS, nenda kaongee na msimamizi wako. Fanya hivyo Julai mwaka wa fedha ukianza, muulize idara imepanga nini na wewe fungu lako lipi, maana yeye ndo anapitisha.

Kwenye malengo hapo usiharakishe kabisa. Andika kitu kilicho mikononi mwako. We afisa uvuvi unashinda mwaloni Kirumba, usiandike "kuongeza sangara ziwani", utaongezaje peke yako wakati kuna nyavu haramu, magugumaji, uchafu wa mjini unaoingia ziwani na mengine kibao? Andika doria utakazofanya, vikao na BMU (vile vikundi vya wanajamii vya kusimamia uvuvi mwaloni), leseni utakazokagua. Afisa ugani wa Kwimba naye mvua haimsikilizi, aandike wakulima wa pamba atakaowafikia na lini. Na mwalimu mwenye darasa limebanana asijifunge na ufaulu peke yake, aweke vipindi na mazoezi aliyosahihisha, hivyo ni vyake na hakuna wa kumnyang'anya.

Halafu daftari. Kila Ijumaa andika ulichofanya, tarehe, mihutasari, picha ukiwa nazo, kisha ingiza kwenye mfumo. Mlioko Ukara au visiwa vingine mtandao ukigoma andikeni kwanza kwenye daftari, mkivuka kwenda Nansio mnaingiza yote kwa mkupuo.

Ukipangiwa kazi ya ghafla, labda Mwenge unapita au kuna mlipuko wa kipindupindu, mwombe bosi iingie kwenye majukumu yako wiki hiyohiyo, la sivyo mwisho wa mwaka utaonekana ulikuwa umekaa tu na hapo ndo watu wanauchukia mfumo mzima.

Alama zikitoka hukubaliani nazo, usinung'unike kantini. Omba kikao na msimamizi, nenda na daftari lako, mpitie jukumu moja moja. Na nyie wasimamizi jamani, taski za watu msizilaze miezi bila kuzipitisha, mtumishi anakosa daraja kwa sababu yenu.